Mlezi Aliyeombea Asichokijua

Nianze na ukweli, maana kwa umri huu uongo umeshakuwa mzigo: mimi sikuutaka ulezi. Askofu alirudi kutoka semina na neno jipya mdomoni, "kocha". Kila mpanda kanisa, yaani mchungaji anayeanzisha kanisa jipya, akasema, lazima awe na kocha wake. Nikamuuliza mbele ya wachungaji wote, "Kocha? Kwani tunacheza ligi?" Watu wakacheka, naye akacheka, halafu kazi hiyo akanipa mimi. Ndivyo mdomo wangu unavyonilipa siku zote.

Baadaye jina likabadilishwa likawa "mlezi", ili wazee tusione haya. Masharti yalikuwa mepesi: ukutane na kijana wako kila baada ya wiki mbili, kwa saa moja, umsikilize, umtie moyo, ujaze fomu. Neno "umsikilize" lilikuwa limepigiwa mstari. Nikaona ni kosa la mpiga chapa.

Mnaonijua mnajua kwa nini nilichaguliwa. Naitwa Mzee Saba, kwa sababu nimepanda makanisa saba. Saba, si mchezo! Tena bila mlezi, bila kocha, bila fomu. Nilikuwa na Biblia, baiskeli, na mke asiyejua kunung'unika. Mke wangu akisikia maneno hayo husonya. Anasema kunung'unika alinung'unika sana, ila mimi nilikuwa mbali na baiskeli. Kila mkutano mkuu nilipewa nafasi ya kushuhudia habari za makanisa saba, na kila mwaka yeye, ameketi mstari wa mbele na wake wa wachungaji wengine, alitazama viatu vyake mpaka nimalize. Nilidhani ni unyenyekevu.

Kijana niliyepewa tulimwita Baridi. Kabla ya wito alikuwa fundi wa mafriji, na hata tabia yake ilikuwa ya upole, haina moto wala kelele. Alikuwa na mke, watoto wawili, na waumini arobaini na ushee waliokusanyika kwenye darasa la shule ya udereva, maana Jumapili lilikuwa tupu. Ukutani kulijaa picha za alama za barabarani, na ubaoni kulikuwa na mchoro wa njia panda ambao mwenye shule alikataza usifutwe. Kwa hiyo Baridi alihubiri neema huku juu ya kichwa chake pameandikwa "Simama". Siku ya kwanza nikamtania kwamba hapo hata malaika akitaka kupita ataombwa leseni. Alitabasamu kidogo, hakucheka. Nikasema moyoni, huyu nina kazi naye.

Tulikutana humo humo darasani, Alhamisi saa kumi, wakati wanafunzi wa udereva wako nje wakitisha watu barabarani. Alikuwa ameweka viti viwili vinavyotazamana na chupa ya chai. Mimi changu nikakisogeza mbele, karibu na ubao, kwa mazoea tu.

"Mchungaji," akaanza, "nashukuru umekuja. Kuna jambo limenikaa hapa kifuani, na sina mtu wa—"

Nikainua mkono. "Mwanangu, kabla hujasema lolote, tulipeleke kwa Bwana kwanza."

Nikasimama, naye akasimama. Nikaomba. Jamani, niliomba! Nilianzia kwa Adamu, nikapita jangwani, nikavuka Yordani, nikakata minyororo, nikabomoa ngome. Nilipofumbua macho chai ilikuwa imepoa. "Amina," akasema Baridi. Nikamsimulia kidogo kanisa langu la kwanza, na la pili, na nusu ya la tatu, saa ikaisha, nikampigapiga begani nikaenda zangu. Kwenye fomu nikajaza. Mada: jambo lililo moyoni. Mmeomba pamoja? Ndiyo. Maendeleo? Mazuri sana.

Nikuambie sasa nilichokuwa sikijui wakati ule. Kijana yule alikuwa anataka kuacha uchungaji. Mwenye karakana aliyemwajiri zamani alikuwa ameahidi kumwekea nafasi yake kwa miezi sita tu, na baada ya hapo angetafuta fundi mwingine. Miezi sita ndiyo ilikuwa yote aliyobakiwa nayo Baridi kuamua kama kanisa lile litaishi au litakufa mikononi mwake. Mkewe alijua. Mwenye karakana alijua. Nadhani hata yule aliyetukataza kufuta ubao alijua. Aliyekuwa hajui ni mlezi.

Sasa usinicheke bado. Sisi watu wa madhabahu tuna ugonjwa wetu, na sijausikia kwa mtu wa kazi nyingine. Daktari akiona kidonda anakisogelea akitazame. Sisi tukiona kidonda tunafumba macho. Mtu akija na jambo zito tunalifunika kwa maombi kabla halijatamkwa, tena maombi marefu yenye sauti ya kukwaruza, na akishasema Amina tunahesabu limekwisha. Tunaiita imani. Mara nyingi ni woga tu, tunaogopa kusikia.

Mkutano wa pili akajaribu tena. "Mchungaji, lile jambo la siku ile..."

"Si tuliliombea?"

"Tuliliombea, lakini hukulisikia."

"Mungu alilisikia!"

Mpanda kanisa wa watu atajibu nini hapo? Akanimiminia chai, nami nikaona ushindi. Mkutano wa tatu akaanzia mbali, "Hata mke wangu ameona kwamba mimi...", nikalidaka juu kwa juu: kumbe ni mambo ya ndoa! Nikawasha maombi ya ndoa mpaka shati likalowa. Wa tano akasema anafikiria kurudi alikotoka. Nikadhani anakwenda kusalimia wazazi, nikamwombea safari njema, na kwa kuwa alama za barabarani zilikuwa zinatutazama pale ukutani, nikaziombea zote moja moja, kona kali, daraja jembamba, wanyama wavukao. Alisema Amina kwa kila moja. Kijana mstaarabu kweli kweli.

Nyumbani nilijipiga kifua. "Yule kijana angekuwa wapi bila mimi?" nikamwambia mke wangu.

"Anasemaje yeye?" akauliza.

"Anasema Amina."

Mke wangu akasonya, akaendelea kuchambua mchele.

Mwezi wa sita wa ulezi wangu, wiki ya mwisho, friji yetu ikafa. Siku ya Ijumaa nikaikodia mkokoteni nikaipeleka karakana, nikiifuata nyuma kama anayesindikiza jeneza. Mwenye karakana ni mwanamke mnene, penseli kwenye nywele, asiyepoteza neno. Wala hakuinua kichwa.

"Iache hapo. Jumatatu fundi wangu hodari anarudi rasmi, ataitazama. Leo yupo huko nyuma anajikumbushia mkono tu."

"Fundi gani huyo?"

"Yule mchungaji wenu mpole. Si Jumapili hii anaaga kanisani?"

Nikaiacha friji pale pale. Nikapita katikati ya mafriji yasiyo na milango, yamepangwa mistari miwili, humo ndani mna masufuria ya misumari na vipande vya bomba la shaba. Kule mwisho nikamkuta Baridi amechuchumaa, ovaroli la bluu, anachomelea bomba nyuma ya friji kubwa ya dukani. Alikuwa anapiga mluzi. Miezi sita nilikuwa naye na sikuwahi kumsikia akipiga mluzi, na hilo liliniuma kuliko habari yenyewe.

"Wewe!" nikafoka. "Miezi sita nakulea, halafu habari zako nazipata kwa mtengeneza friji? Mimi ni mlezi wako au ni picha ya ukutani? Kwa nini hukuniambia?"

Akazima moto, akaweka kifaa chini taratibu. "Nilikuambia, Mchungaji. Mara tisa."

"Lini?"

"Mara ya kwanza uliomba dakika ishirini na mbili, nilikuwa naitazama saa. Mara ya tatu ulimwombea mke wangu Mungu afungue tumbo lake. Tuna watoto wawili, na wa pili ulimbariki wewe mwenyewe. Mara ya tano uliniombea safari. Sikuwa na safari. Mara ya saba nilisema, 'Mzee, naomba leo tusiombe,' ukashtuka, ukakemea pepo."

Ni kweli. Nililikemea, na nikaandika kwenye fomu kwamba limetoka.

"Haya, niambie sasa," nikasema, sauti imeshuka.

Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole. "Siwezi kuomba."

"Huwezi kuomba nini?"

"Siwezi kuomba, basi. Tangu kabla hujaja. Nikifumba macho hakuna mtu. Nasema maneno, watu wanalia, wanaitikia, kuna mama mmoja hata mgongo wake umepona, na mimi humu ndani ni pakavu kabisa. Kila Jumapili najiona tapeli. Nilitaka kumwambia mtu mmoja tu aliyewahi kufanya kazi hii. Nikakuambia wewe."

Nikafungua mdomo. Haki ya Mungu, nilifungua mdomo, na kilichokuwa kinatoka ni "Tuombe". Baridi akanitazama, spana mkononi. Sisemi angenipiga. Nasema tu kwamba niliufunga.

Nikakaa juu ya friji iliyolazwa. Kwanza nilishikwa na hasira, yangu ya kila siku. Halafu hasira ikaniacha, ikaja hofu, kwa sababu ukavu ule aliousema niliujua. Niliujua kama ninavyoijua njia ya chooni kwangu gizani. Na hapo, mbele ya kijana mwenye mafuta ya mashine hadi viwikoni, nikasema jambo ambalo sikuwahi kumwambia binadamu.

"Lile kanisa langu la tatu," nikasema, "unajua kwa nini niliondoka?"

"Uliitwa kwingine. Umenisimulia mara nne."

"Sikuitwa popote. Mwezi wa kumi na nne niliamka asubuhi nikakuta pakavu, hivyo hivyo unavyosema. Nikaogopa watu watajua. Nikamwandikia Askofu wa wakati ule kwamba nimeoneshwa shamba jipya. Wakanipigia makofi! Wakanipa cheti! Mahali papya pana shughuli nyingi, unatafuta viti, unatafuta watu, huna muda wa kujisikia. Shughuli zikipungua, ukavu unarudi. Nikaenda la nne. Nikaenda la tano. Hata la kwanza na la pili nikiyafikiria vizuri ni hayo hayo, ila nilikuwa kijana sikuwa na jina lake. Mimi sikupanda makanisa saba, mwanangu. Nilikimbia sita. Nilikuwa nakimbia, na wao wakaita ni kuzaa matunda."

Baridi alinikodolea macho. "Na la saba?"

"La saba nilistaafu."

Akaanza kucheka. Mpole yule, alicheka mpaka akashika mlango wa friji asianguke. Mwenye karakana akapaza sauti kule mbele kuuliza kama gesi imevuja. Nikaona aibu, halafu nikacheka na mimi, halafu sikuwa nacheka tena, machozi yananitoka na sikujua nifanye nini nayo. Baridi akanipa kile kitambaa chake kichafu.

"Sasa ukavu uliishaje?" akauliza.

"Haukuisha. Siku nyingine unapungua, siku nyingine unarudi. Yale maombi marefu niliyokuwa nakuombea... mtu mwenye maji halii 'maji, maji' kutwa nzima."

Aliokota kifaa chake, akakigeuzageuza. Nilitegemea, kwa kuwa mimi ni mimi, kwamba ushuhuda wangu umembadilisha. Akasema, "Asante, Mzee. Ungeniambia hili mwezi wa kwanza ningekushika miguu. Lakini nimeshampa neno huyu mama. Jumapili nitawaaga." Akawasha moto wake, akainama.

Nikarudi nyumbani bila friji na bila maneno. Mke wangu alikuwa chumbani anakunja nguo. Nikamweleza yote, nimesimama mlangoni.

"Umemwambia na hizo mara sita?" akauliza.

"Nimemwambia."

Akaacha kukunja. Akakaa kitandani na shati langu mapajani. "Nimefungasha vyombo mara sita," akasema. "Mara ya nne nilikuwa na mimba ya miezi minane. Kila mara nikifunga sanduku nasema leo ataniambia kwa nini. Wewe unapanda baiskeli unaimba. Na leo umekwenda kumwambia fundi wa friji."

Nilimwambia nisamehe, akasema atafikiria, na mpaka leo sijui kama amemaliza kufikiria. Lakini Jumapili ndiye aliyeniamsha. "Nenda mapema," akasema. "Ukae naye. Na huo mdomo uuache hapa nyumbani."

Darasa lilikuwa limejaa nilipofika, habari za kuaga zilikuwa zimevuma. Waimbaji walikuwa wanarudia wimbo wa kufungulia ibada kwa mara ya tatu, wanatazamana. Kiti cha mchungaji kilikuwa kitupu. Mke wa Baridi alikuwa mlango wa nyuma, mtoto mgongoni, macho mekundu.

"Yuko huku nyuma," akaniambia. "Kila Jumapili yuko huku nyuma, baba."

Nyuma ya darasa wanaweka matairi ya zamani na pipa la takataka. Baridi alikuwa ameliinamia pipa, suti yake nyeusi, tai ameitupa begani isichafuke, anatapika. Kumbe kila Alhamisi nilipokuwa nakunywa chai yake na kumsimulia ushujaa wangu, siku tatu baadaye alikuwa anasimama hapa peke yake. Nilitaka kusema neno la faraja. Ninayo mengi, nimeyatumia miaka yote, na pale hakuna hata moja lililokuwa na uzito. Nikamshika mgongo tu. Alipomaliza nikamchotea maji ya bombani kwa viganja vyangu.

"Wanangoja niwafungulie kwa sala," akasema. "Mara ya mwisho. Niseme nini?"

"Sijui."

"Wewe ni mlezi wangu."

"Ndiyo. Na sijui."

Alisukutua, akatema. Mfukoni mwa koti karatasi ya hotuba yake ya kuaga ilikuwa inachungulia, imekunjwa mara mbili. Ndani wakaanza wimbo kwa mara ya nne, safari hii kwa makofi yaliyokuwa yanapishana.

"Nikibaki," akasema bila kunitazama, "na hali hii isiondoke?"

"Huenda isiondoke."

"Na wewe, utaondoka?"

Hapo ndipo niliposhikika. Swali hilo nilishaulizwa mara sita maishani na mara zote nililijibu kwa kupanda baiskeli. Umri wangu ni wa kukaa nyumbani nikasikiliza redio. Magoti yananiuma, mke wangu ananidai maelezo, na Askofu angenipa kijana mwingine wiki ijayo, mwenye afya, anayesema Amina bila saa ya kutazama.

"Mimi siondoki," nikasema.

"Mpaka lini?"

"Sijui mpaka lini. Alhamisi nitakuwepo. Jumapili nitakuwepo. Uombe, usiombe. Ukitapika nitakuwa hapa hapa kwenye matairi."

Alinitazama kwa muda, jicho la fundi aliyeletewa mashine na mwenyewe anaapa kwamba ni nzima. Halafu akaitoa ile karatasi ya kuaga, akaikunjua, akajifutia nayo mdomo, akaitupa kwenye pipa. Mkewe, ambaye alikuwa bado amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, aliona inavyoanguka. Akakaa chini pale pale kwenye ngazi, akalia kwa sauti, na Baridi akapita pembeni yake, akamgusa kichwa, akaingia ndani.